Hapa Tunamwingiza Nani? Aida, Misri na Vita Halisi Nyuma ya Tarumbeta

Jumamosi iliyopita, katikati ya mazoezi, mpiga tarumbeta mmoja alishusha chombo chake, akafuta mdomo kwa kiganja, akaniuliza: "Mwalimu, sasa hapa tunamwingiza nani?"

Swali la haki kabisa. Yeye na wenzake kazi yao ya kila wikiendi ni harusi. Wanapanda nyuma ya pikapu, wanatangulia msafara kutoka saluni hadi ukumbini, na kila wimbo wanaoupiga una mtu wake: huu wa kumwingiza bibi harusi, huu wa wazazi, huu wa kamati. Sisi tumewakodi kwa shughuli nyingine. Kikundi chetu cha wanakwaya, tuliookotana kutoka makanisa mbalimbali ya Dar es Salaam, kitaimba vipande vya opera ya Aida mwezi ujao kwenye ukumbi wa shule moja Upanga. Okestra hatuna. Tuna piano moja, nota za d-r-m ambazo mwalimu wetu amezinakili upya kwa mkono, feni ambayo lazima izimwe kwa sababu inapeperusha karatasi, na hao mabwana wa tarumbeta. Mimi naimba sauti ya nne, na kwa kuwa nilijidai najua historia, nimebebeshwa pia kuandika karatasi ya maelezo itakayogawiwa mlangoni. Ndiyo maana naitwa mwalimu. Kwenye kwaya, yeyote aliyeshika karatasi nyingi ni mwalimu.

Nilimjibu upesi upesi: "Jenerali wa Misri. Ametoka kuwapiga Waethiopia."

Akaridhika, akarudisha tarumbeta mdomoni. Mimi ndiye sikuridhika. Jibu lile ni sahihi ukiwa jukwaani. Ukishuka jukwaani tu, mambo yanageuka kichwa chini miguu juu.

Kwa asiyewahi kuona opera: ni igizo ambalo kila kitu kinaimbwa, ugomvi, salamu, hata siri za jeshi. Si kama igizo la Pasaka ambapo wahusika wanaongea halafu kwaya inasimama kuimba. Na kwa desturi yake hakuna maikrofoni. Mwimbaji anatakiwa asikike juu ya okestra nzima kwa pumzi yake mwenyewe. Aida ni kazi ya Giuseppe Verdi, Mwitaliano, maneno yake yametungwa na Antonio Ghislanzoni, na ina matendo manne.

Hadithi inaanzia Memfisi, enzi za Mafarao. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, ametekwa vitani, sasa ni mtumwa wa Amneris, binti wa Farao. Hakuna anayejua kwamba naye ni binti mfalme. Anapendana kwa siri na Radamès, askari kijana wa Misri, ambaye Amneris naye anamtaka. Radamès anateuliwa kuongoza jeshi dhidi ya Waethiopia, na umati unampigia ukelele arudi mshindi. Aida anajikuta ameuitikia ukelele ule pamoja na wenzake, kisha anashtuka: amemwombea mpenzi wake ushindi dhidi ya baba yake mzazi. Soprano wetu, kila akifika hapo, anaweka mkono mdomoni kama mtu aliyeropoka msibani. Hakuna aliyemfundisha.

Tendo la pili ndipo tarumbeta zinapoingia. Radamès amerudi mshindi, jeshi linapita mbele ya Farao, mateka wamefungwa kamba, na katikati yao yumo Amonasro, baba yake Aida, aliyejificha katika mavazi ya ofisa wa kawaida. Kwa ajili ya msafara huo Verdi alitaka tarumbeta sita za pekee, ndefu na zilizonyooka, mfano wa vitu vya kale. Tatu zinaanza, kisha tatu nyingine zinaudaka wimbo uleule kwa kii ya juu zaidi, na mtu mzima mwenye akili zake anajikuta amesimama wima. Hata asiyejua opera ni nini ameshausikia wimbo huu, kwenye mahafali au ukiimbwa na mashabiki kwenye mechi za Ulaya. Zawadi ya Radamès kwa ushindi wake ni kumwoa Amneris. Hakuuomba mkono huo na hawezi kuukataa.

Kisha ukingo wa mto Nile, usiku. Amonasro anambana binti yake: mwulize mpenzi wako jeshi litapita njia gani. Aida anauliza, na Radamès, akidhani wako wawili tu na wanapanga kutoroka pamoja, anataja njia: makorongo ya Napata. Lishike jina hilo, tutalirudia. Radamès anakamatwa, makuhani wanamwuliza mara tatu ajitetee, mara tatu ananyamaza, wanamhukumu kuzikwa hai. Anapofungiwa kaburini anakuta Aida ameshatangulia kujificha humo. Wanaimba hadi pumzi zinaisha, na juu yao Amneris anaomba amani kwa sauti ndogo. Opera iliyoanza kwa kelele za vita inamalizika kwa mnong'ono.

Sasa, yametokaje haya?

Utasikia mara nyingi kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya kufunguliwa Mfereji wa Suez. Si kweli. Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, na Verdi aliombwa atunge wimbo wa sherehe hizo, akakataa. Wengine husema ilitungwa kwa ajili ya kufungua jumba la opera la Cairo. Hilo nalo si kweli: jumba lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1869 kwa Rigoletto, opera nyingine ya Verdi iliyokuwa tayari na umri wake. Aida ilikuja baadaye, na kiini chake ni watu wawili: mtawala aliyetaka sifa na mchimbaji wa makaburi mwenye hadithi.

Mtawala ni Ismail, Khedive wa Misri (ndivyo mtawala wa nchi hiyo alivyoitwa). Alishika Misri mwaka 1863, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimepandisha bei ya pamba kupita kiasi, na pamba ya Misri ikawa dhahabu. Alikuwa amesoma Paris na alitaka Cairo ifanane nayo: mabarabara mapana, bustani, taa za gesi, jumba la opera. Anatajwa kuwa ndiye aliyesema kwamba nchi yake haiko tena Afrika, imekuwa sehemu ya Ulaya. Pamba iliposhuka bei, yeye hakushuka. Alikopa.

Mchimbaji ni Auguste Mariette, Mfaransa aliyefukua makaburi ya mafahali watakatifu huko Saqqara na kuanzisha makumbusho ya mambo ya kale mjini Cairo. Ndiye aliyeandika mchoro wa hadithi ya Aida. Camille du Locle, mwandishi wa maneno ya opera wa Paris, akaupeleka kwa Verdi, ambaye alikuwa ameshakataa zaidi ya mara moja. Safari hii mambo mawili yalimlainisha. Kwanza hadithi ilikuwa nzuri. Pili, alidokezwa kwamba asipotaka yeye, Khedive atawageukia watunzi wengine, Gounod au Wagner. Verdi akataja bei yake: faranga 150,000. Ikalipwa.

Onyesho lilipangwa Januari 1871, likakwamishwa na vita vya watu wengine kabisa. Mavazi na mapambo ya jukwaa yalikuwa yakitengenezwa Paris chini ya macho ya Mariette, na mwezi Septemba 1870 majeshi ya Prussia yakauzingira mji. Mavazi ya Farao yakafungiwa ndani pamoja na wakazi waliofikia kula panya. Hatimaye Aida ilionyeshwa Cairo tarehe 24 Desemba 1871, Giovanni Bottesini akiongoza okestra. Verdi hakwenda. Safari ya bahari haikumvutia, na kwake onyesho lenye maana lilikuwa la Milan, Februari 1872.

Waliokwenda waliona jambo ambalo kwangu linazidi mapambo yote. Katika ukumbi ule, mabibi wa kasri la Khedive walikaa kwenye vyumba vyao vya juu nyuma ya mapazia ya melimeli, wakitazama bila kutazamwa. Mbele yao, jukwaani, binti wa Kihabeshi alikuwa akilia kwamba yeye ni mtumwa katika nyumba ya wakubwa wa Misri. Katika Misri ya 1871 hilo halikuwa jambo la Mafarao. Utumwa ulikuwa halali, na wasichana wa Kihabeshi walikuwa wakivushwa Bahari ya Shamu na kushushwa Nile kuingia nyumba za wenye uwezo. Mkataba wa Misri na Uingereza wa kupiga marufuku biashara hiyo ulikuja mwaka 1877, miaka sita baada ya Aida.

Sisi wa mwambao hatuna haki ya kushangaa. Kasri la Unguja lilikuwa na masuria wa Kihabeshi na wa Kicherkesi vilevile. Seyyid Barghash, aliyekuwa ametawala mwaka mmoja tu siku Aida ilipoonyeshwa, alizaliwa na mama Mhabeshi. Dada yake Salme, aliyekimbilia Ujerumani, ameyaeleza maisha ya nyumba ile katika kumbukumbu zake. Mjomba wa sultani wa Zanzibar, kwa lugha nyingine, angeweza kabisa kuwa mtu wa kwao Aida.

Lakini Ethiopia ipi hasa? Hapa watu wengi hupotea, na mimi nilipotea pamoja nao. Wagiriki wa kale walipoandika "Ethiopia" walimaanisha nchi ya watu weusi kusini mwa Misri, ambayo leo sehemu kubwa yake iko Sudan. Wayahudi waliiita Kushi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union wana bahati hapa: yule towashi wa malkia Kandake, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, wanamjua kama mtu wa Kushi, wakati Wazungu wengi katika Biblia zao wamemzoea kama Mwethiopia. Ni nchi ileile. Na mji wake mkuu mmojawapo ulikuwa Napata, chini ya mlima Jebel Barkal.

Ndiyo, Napata ile ya Radamès. Mwaka 1862 paliokotwa hapo jiwe kubwa lililoandikwa habari za mfalme Piye wa Kushi, likapelekwa kwenye makumbusho ya Mariette. Jiwe linaeleza jinsi Piye, karne ya 8 kabla ya Kristo, alivyoshuka na Nile akaishinda Misri mji kwa mji. Wakushi wakatawala kama Mafarao, nasaba inayohesabiwa ya 25. Tirhaka wa kitabu cha Wafalme alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mtu aliyebuni hadithi ambamo Waethiopia wanafungwa kamba na kupitishwa mbele ya Farao alikuwa na jiwe la Waethiopia waliomshinda Farao kwenye makumbusho yake mwenyewe. Sisemi alidanganya. Misri nayo iliwapiga Wakushi mara nyingi, na opera si kitabu cha historia. Ila alichagua upande, na mwenye kulipa alikuwa Cairo.

Mwenye kulipa naye hakuwa akitazama nyuma. Alikuwa akitazama kusini. Mwaka 1865 sultani wa Uturuki alimkabidhi bandari ya Massawa. Mwaka 1872, mwaka uleule Aida ilipoimbwa Milan, watu wake waliutwaa Keren, mji wa bara nyuma ya bandari hiyo. Kisha ukaja 1875, na hapo Ismail alijaribu kuifanya ile tamthilia iwe kweli. Aliajiri maofisa wa Kimarekani waliokosa kazi baada ya vita vyao, akaongeza wa Ulaya, akatuma jeshi kuingia Ethiopia ya mfalme Yohannes wa Nne. Mwezi Novemba, huko Gundet, kikosi kikiongozwa na kanali Mdenmark, Arendrup, kilizingirwa bondeni na kuangamizwa karibu chote, yeye mwenyewe akafa. Siku hizohizo Munzinger, Mswisi aliyekuwa gavana wa Khedive upande wa Bahari ya Shamu, aliuawa na Waafar jangwani. Ismail akatuma jeshi kubwa zaidi, pamoja na mwanawe mwenyewe, Hassan. Machi 1876, huko Gura, likavunjwa tena. Mizinga na bunduki za kisasa zilizonunuliwa kwa mikopo ya Ulaya zikabaki mikononi mwa Waethiopia.

Hakukuwa na msafara wa kurudi Cairo. Wala tarumbeta.

Kuna kipande cha habari hii ambacho mtu wa Dar es Salaam anapaswa kukijua, na mimi nimekijua juzi tu. Oktoba ya mwaka huohuo wa 1875, meli za Khedive zikiongozwa na McKillop, Mwingereza, zilishuka pwani yetu na kutia nanga Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Barghash. Bendera ya sultani ikashushwa, ya Misri ikapandishwa, na Kismayu ikapewa jina la Port Ismail. Wazo lilitoka kwa Gordon, aliyekuwa gavana wa Khedive huko juu Nile: badala ya kupambana na mto na vinamasi vyake, ipatikane njia ya kutoka bahari ya Hindi hadi kwenye maziwa makuu na Buganda. Shabaha aliyoitaja ilikuwa Ghuba ya Formosa, kule mto Tana unakomwagia. Lamu iko jirani, na ukiendelea kusini unakutana na sisi wenyewe.

Barghash hakuwa na jeshi la kumtoa. Alichokuwa nacho ni balozi John Kirk na urafiki wa shingo upande na Waingereza, ambao miaka miwili kabla walikuwa wamemlazimisha afunge soko la watumwa la Unguja. Akalalamika, London ikamkemea Khedive, na mapema 1876 Wamisri wakafunga virago. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa nusu gofu: Seyyid Majid alianza kuijenga katikati ya miaka ya 1860, akafa mwaka 1870, na mdogo wake hakuwa na hamu nayo. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni masalio ya siku hizo. Huwa napita hapo kila nikitoka Kivukoni, na siku hizi najikuta nahesabu: jengo hili lilikuwa limesimama tayari Aida ilipoimbwa mara ya kwanza.

Na Cairo ileile iliyoagiza opera kutoka Italia, Barghash aliigeukia kwa muziki wake. Simulizi za taarab zinasema alimtuma Mohamed Ibrahim huko akajifunze kupiga ganuni, arudi kulifurahisha kasri. Wakati huo mwimbaji mkubwa wa baraza la Ismail alikuwa Abduh al-Hamuli, na huo ndio muziki ambao Wamisri wenyewe waliuita wao. Ukitaka kujua nani alifanya ununuzi wa busara zaidi, nenda harusi yoyote ya Zanzibar.

Hata Italia kwenyewe si wote walioridhika. Bwana mmoja wa Reggio, Prospero Bertani, aliitazama Aida mjini Parma mwaka 1872, hakuipenda, akarudi kuitazama tena ili ahakikishe, kisha akamwandikia Verdi akidai arudishiwe nauli ya treni, tiketi na chakula cha usiku kwa safari zote mbili, jumla lira 31.80. Verdi akaagiza alipwe 27.80. Chakula alikikata: angeweza kula nyumbani kwake. Akamtaka pia asaini ahadi kwamba hatakwenda tena kwenye opera mpya ya Verdi. Mweka hazina wetu ameisoma habari hii mara mbili na ameomba tuandike kwenye tiketi kwamba fedha hairudishwi.

Ismail hakurudishiwa kitu. Mwaka wa Gundet ndio aliouza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa serikali ya Uingereza, kwa karibu pauni milioni 4, kuziba deni. Hazikutosha. Mwaka 1879 aliondolewa madarakani, akapanda meli yake ya kifalme, Mahroussa, akaenda uhamishoni. Alishuka Napoli, Italia. Miaka mitatu baadaye Waingereza waliingia Cairo na hawakutoka upesi. Jumba lake la opera, ambalo sehemu kubwa lilikuwa la mbao, liliungua Oktoba 1971, miezi miwili kabla Aida haijatimiza miaka 100. Mahali pale wamejenga maegesho ya magari ya ghorofa. Uwanja ulio mbele yake bado unaitwa wa Opera.

Kwenye mazoezi ya safari hii nilimtafuta yule mpiga tarumbeta kabla hatujaanza, nikamweleza kwamba nilimjibu nusu. Nikamsimulia Gura, Yohannes, Kismayu, deni, meli. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichezesha vitufe vya chombo chake.

"Kwa hiyo aliyelipia tarumbeta ndiye aliyepigwa?"

"Ndiye."

"Na aliyetunga?"

"Hata kwenye shughuli hakwenda."

Akacheka, akageuza tarumbeta, akamwaga maji yake sakafuni. "Harusini ipo sana hiyo, mwalimu. Unamwingiza mtu kwa mbwembwe, mwezi wa sita hakuna ndoa." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, akauliza kama hela yao wanaipata kabla ya onyesho au baada.